Mapipa Saba na Mrija Mmoja

Jumatatu, 3 Machi

Pipa namba nne limechacha. Nimeonja mara tatu kuhakikisha, na mara ya nne kwa sababu ile ya tatu nilikuwa nimetoka kula mkate. Hakuna shaka. Bia ya Dada, iliyolala humo miezi kumi na moja ikinywa harufu ya mbao, sasa ina ladha ya gundi na soksi.

Sijamwambia mtu. Mimi ndiye Mkuu wa Mapipa. Cheo nilijipa mwenyewe, lakini hakuna aliyekipinga isipokuwa Mama, anayeniita Meneja kwa sauti nisiyoipenda. Kabla ya hapa nilifuga kware. Nikauza vioo. Nikafundisha watu kuendesha gari mpaka gari lilipoingia dukani kwa mshona viatu. Hapa nimedumu. Nakipenda chumba hiki, kibaridi chake, harufu yake, mapipa saba ya mwaloni yamelala kwenye magogo. Kila asubuhi nayasalimia kwa namba.

Tatizo ni tarehe 15. Waonjaji watatu wa Chama cha Watengeneza Bia wanakuja. Wameshamkataa Dada mara mbili. Ya kwanza walisema bia yake ni changa, ya pili wakasema ina harufu ya kabati. Sheria yao ni kwamba ukikataliwa mara tatu huombi tena, na bila muhuri wao hakuna duka litakalopokea chupa yako. Dada amesema wakimkataa atarudi kufundisha hesabu, na chumba cha mapipa kitakuwa stoo ya viti vya kukodisha. Alisema bila kununa. Ndipo nilipojua anamaanisha.

Viti! Mtu hawezi kusalimia viti.

Jumanne, 4 Machi

Nina mpango. Nimeufikiria nikinyoa, nikajikata mara mbili tu.

Pipa moja limechacha, sita ni mazima. Sasa, uchachu wa pipa moja ukigawanywa kwa mapipa saba si uchachu tena, ni ladha. Wataalamu wa dunia wanalipwa kwa kugundua mambo madogo kuliko haya. Nilimuuliza Mama kimafumbo, nikisema ni habari ya rafiki yangu mmoja. Mama akajibu kwamba samaki mmoja akioza, wote wameoza. Nikamwambia samaki hawana vizibo. Akaniuliza rafiki yangu huyo ana pipa namba ngapi.

Dada alikwenda kutafuta chupa. Nikapata saa mbili nzima. Jagi moja la namba nne kwenye kila pipa zima, jagi moja la kila pipa zima kwenye namba nne. Nilifanya kazi kwa haki, hakuna aliyependelewa.

Niandike hapa, kwa kuwa ni siri, habari ya mirija. Mrija ni ule wa kioo wa kuvutia bia kutoka kwenye pipa ili uionje. Dada ana amri: kila pipa na mrija wake, kila mrija na kamba ya rangi yake, usivuke kwenda pipa jingine, na uchemshwe kila ukitumika. Mirija saba, mara mbili kwa siku. Mtu atazeeka jikoni. Mimi nina mmoja wangu, nauvaa shingoni kwa kamba ya kiatu, na ndio unaozunguka kote. Ile saba inaning'inia ukutani inameremeta. Jana Dada aliisifu kwa usafi. Nikapokea sifa, kwani ni kweli ni safi.

Alhamisi, 6 Machi

Balaa limeingia na sanduku. Dada amemleta mwanamke kutoka maabara ya chuo, ana koti jeupe, hadubini, na sahani ndogo za kioo za kukuzia vijidudu. Atakagua kila kitu kabla ya tarehe 15. Nimemwita Bi Hadubini. Simwamini mtu anayeweza kuitazama bia saa tatu bila kuinywa.

Aliniuliza kazi yangu. Nikasema Mkuu wa Mapipa. Akaandika "msaidizi". Niliona, aliandika kwa herufi kubwa. Akatoa vijiti vyenye pamba na kupangusa vizibo vyote saba, kila pamba akaipitisha kwenye sahani yake, akazifunika, akazipanga kwenye sanduku lenye joto. Alisema tusubiri siku chache, vijidudu vitajitokeza vyenyewe. Nikamwambia Dada pembeni kwamba kuvilea vijidudu ndani ya kiwanda cha bia ni kama kufuga mwizi. Dada akacheka mpaka akashika ubavu. Nilifurahi kumwona akicheka. Sikuwa nimetania.

Jioni nilikwenda kwa mwenye bucha akanipa koti lake la zamani. Nalo ni jeupe. Lina doa karibu na mfuko, lakini nikikunja mkono halionekani. Kuanzia kesho tutaona nani msaidizi.

Jumapili, 9 Machi

Namba tatu na namba tano zimeanza kunuka gundi.

Sielewi. Kwa hesabu zangu, uchachu ulitakiwa upungue. Badala yake umeongezeka, na namba nne yenyewe haijapona hata kidogo, baada ya wema wote niliotendewa nao. Nilioitendea. Nimechanganyikiwa hata kuandika.

Nimekaa juu ya ndoo nikawaza, nikapata jibu. Mwoka mikate! Ukuta wetu na wake ni mmoja, na juu kuna tundu la hewa. Kwake hamira inaruka alfajiri mpaka jioni. Hamira yake imeingia kwetu. Ni mtu mzuri, hunipa mikate iliyovunjika, lakini vita ni vita. Nimeliziba tundu kwa magunia mawili na blanketi langu la kitandani. Sasa haingii hata mbu.

Chumba kimepata joto zuri. Nadhani mapipa yamelipenda, maana namba tano inatoa sauti kama inakoroma.

Jumanne, 11 Machi

Kizibo cha namba tano kiliruka asubuhi, kikagonga dari, kikamwangukia Bi Hadubini begani. Povu lilifuata. Alijifuta, akaangalia kipimajoto cha ukutani, akaangalia tundu lenye blanketi, akauliza ni nani aliyeliziba. Mimi nilikuwa natazama dari, nikihesabu nyufa.

Kisha akafungua sahani zake. Saba zote zimeota. Kila pipa, kijidudu kilekile. Dada aliinama kwenye hadubini, akakaa hapo muda mrefu. Bi Hadubini alieleza kwamba kijidudu cha namna hii hakina mabawa. Hakitoki pipa moja kwenda jingine kwa hewa, na joto hukizidishia kasi tu. Alisema kinatembezwa. Akasema kinatembezwa na kitu chenye miguu miwili, huku akigeuza kurasa za daftari lake kana kwamba jibu limo humo.

Dada alifunga bomba lililokuwa likidondoka, akatoka.

Mchana kila mtu alipanguswa. Mikono yangu, mikono ya Dada, mikono ya Mama (aliyelalamika kwamba ameoga), nyayo za paka, kingo za dirisha, hata aproni ya mwoka mikate, ambaye alikuja kwa hiari na akaleta mikate. Aproni yake ni safi. Hilo limenivunja moyo. Halafu Bi Hadubini akaomba mrija. Nikampa mmoja wa ukutani, wenye kamba ya bluu. Akapangusa, akashukuru. Akaomba na ule wa shingoni.

Nilimwambia huo ni wa mapambo. Akasema anapenda mapambo.

Jumatano, 12 Machi

Nimeamka na mpango bora kuliko yote. Kwa nini tunaficha uchachu? Tuutangaze! Nimesikia kuna watu huko duniani wanatengeneza bia ya uchachu makusudi, na waonjaji wanaipigia makofi. Nikachora lebo, nikaandika "Chachu ya Malkia", nikaweka taji juu. Taji limetoka kama kuku, lakini kwa mbali ni taji.

Nikampelekea Dada glasi ya namba nne na lebo yake. Alionja. Akaenda kwenye sinki. Aliporudi alisema ameguswa na juhudi zangu.

Bi Hadubini naye alitia neno, hakuombwa. Alisema wanaotengeneza bia ya uchachu wanajua ni kijidudu gani wamemwalika, lini, na ataketi wapi. Wetu ameingia bila hodi na amepanda kitandani na viatu. Jibu la kumkomesha nililipata saa kumi, na saa kumi alikuwa ameshaondoka.

Ijumaa, 14 Machi

Leo sahani za pili zimefunguliwa. Nilifika kabla ya wote, saa moja asubuhi, nikazikagua. Mikono yangu: kidogo. Ya Mama: hakuna kitu, kweli alioga. Paka: anastahili heshima. Aproni: hakuna. Mrija wa bluu: hakuna. Halafu sahani moja iliyojaa pomoni, nyeupe kote, kama mtu amemwagia rangi ya ukuta. Imeandikwa "Mrija wa shingoni".

Nilisimama nayo mkononi. Sitaficha, nilibandua ile karatasi nikaibandika kwenye sahani iliyoandikwa "Dirisha", na ya dirisha nikaibandika hapa. Dirisha halina ndugu wala kazi ya kupoteza. Nikatoka kwa hatua za mtu asiye na habari.

Mlangoni mwa chumba cha mapipa nikamkuta Dada. Alikuwa amekaa kwenye ndoo yangu, sufuria la maji ya moto mbele yake, anachemsha ile mirija saba ya ukutani mmoja baada ya mwingine, na kuipanga kwenye kitambaa. Mirija ambayo haijawahi kugusa bia. Nilidhani hajui, na kuosha kwake kukaniuma kuliko matusi. Vidole vyake vilikuwa vyekundu. Miezi kumi na moja huyu mtu hakupumzika Jumapili hata moja.

Nikamwambia. Niliketi chini nikamwambia habari ya mrija mmoja, ya majagi, ya tundu, na ya karatasi niliyotoka kubandua dakika kumi zilizopita. Nilimwambia nimekiua kiwanda chake, na kwamba viti nitavibeba mimi mwenyewe, vyote, bila kusaidiwa.

Dada alinipa mrija mmoja nimshikie. Akasema anajua. Amejua tangu Jumanne, wala hakuhitaji hadubini, maana mimi nikificha jambo huwa nahesabu nyufa za dari, tangu nina miaka minne. Alikuwa anaosha ile mirija ili apate kitu cha kufanya kwa mikono mpaka nitakapokuja kusema.

Nikamuuliza sasa kesho itakuwaje. Akasema nikalale mapema na lile koti la bucha nilichome.

Jumamosi, 15 Machi

Asubuhi Dada aliniambia niende chumbani kwa Mama nikaondoe redio. Nikauliza redio ina nini. Akasema haina kitu, iondoe. Nikaondoa redio, miwani, dawa za Mama za magoti na kitambaa cha maua. Chini ya kitambaa palikuwa na pipa.

Pipa la nane! Miezi kumi na moja nimekuwa nikinywa chai juu yake. Nilishawahi kumwambia Mama kwamba meza yake ina harufu nzuri, naye akanijibu kwamba ni mbao za zamani.

Dada alieleza. Siku ile tuliyojaza mapipa alinituma mjini nikatafute kamba ya zambarau, na alijua mji mzima hauna kamba ya zambarau. Nilipokuwa nazunguka madukani, wao wawili wakalijaza la nane na kulivisha kitambaa. Nikasema basi hukuniamini. Dada akasema yeye alinibeba mgongoni kabla sijaota meno, ananijua mbele na nyuma. Saba alinipa kwa mapenzi, na moja aliliweka kwa akili. Mama akaongeza kwamba yeye alipendekeza yawe mawili kwa mapenzi na sita kwa akili, ila hakusikilizwa.

Uchungu ulinidumu kutoka chumbani mpaka uani. Kisha nikakumbuka kwamba pipa moja zima ni bora kuliko stoo ya viti, nikaenda kuvaa shati.

Waliingia saa nne. Mwenyekiti, mzee mwembamba ambaye uso wake haujui kucheka. Mama mmoja mwenye daftari. Na bwana mwenye pua ndefu, ambayo nadhani ndiyo iliyompa kazi. Walikaa sebuleni. Dada akamimina mwenyewe. Mikono yake ilikuwa imetulia, ila nilimwona anavyokanyaga kidole kimoja cha mguu kwa kingine, kama alivyokuwa akifanya siku za matokeo ya mitihani.

Mwenye pua akanusa. Mama mwenye daftari akaandika neno moja. Mwenyekiti akanywa, akafumba macho, akakaa hivyo. Tukangoja. Mama akaanza kusali kwa midomo tu. Mimi nilikuwa nimeacha kupumua bila kujua, mpaka Bi Hadubini akanipiga kiwiko.

Mwenyekiti akafungua macho, akasogeza glasi mbele, akaomba aongezewe kidogo. Mama mwenye daftari akasema miaka tisa amefanya naye kazi hajamsikia akiomba mara ya pili. Akatoa muhuri kwenye mkoba.

Dada alijifunika uso kwa aproni. Mimi nililia waziwazi. Naandika kama ilivyokuwa. Nililia mpaka yule mwenye pua akanipa leso yake.

Kisha mwenyekiti akaomba aonyeshwe chumba cha mapipa. Dada alifika mlangoni kabla yake, akasimama katikati, akasema leo kinafanyiwa usafi. Wote wakaniangalia mimi. Nikasema ndiyo, usafi mkubwa.

Jumapili, 16 Machi

Tumejaza chupa. Bi Hadubini alisimamia, na mimi niliruhusiwa kubandika lebo, kazi isiyogusa bia. Lebo ya taji haikutumika. Chupa zote zimefungwa na kupangwa, na pipa la nane limebaki tupu. Yale saba yatamwagwa Jumatano.

Bi Hadubini amesema pipa lile tupu sasa ndilo kitu cha thamani kuliko vyote nyumbani, kwa kuwa ndilo pekee safi. Kesho kutwa Dada atatia humo bia mpya. Kwa sasa kazi ni moja: lisikauke, kwani mbao zikikauka zinaachana na pipa linavuja.

Kisha Dada akafanya jambo ambalo sitalisahau. Aliniita mbele yao wote, akanipa mrija mpya wa kioo wenye kamba ya zambarau. Sijui aliipata wapi. Akasema pipa la nane sasa ni langu, nilitie maji yaliyochemshwa, ndoo mbili, na nisiliruhusu likauke. Bi Hadubini alifungua mdomo. Dada akamshika mkono, akasema huyu ni mdogo wangu. Bi Hadubini akafunga mdomo, akachukua daftari, akafuta neno "msaidizi". Hakuandika kingine, lakini ni mwanzo.

Nimeapa moyoni. Mrija huu hautagusa pipa jingine. Mtu hujifunza.

Jumatatu, 17 Machi

Siku njema. Dada na Bi Hadubini wamekwenda kupeleka chupa za kwanza madukani. Mama aliachiwa kazi ya kunitazama, amelala kwenye kiti na redio mapajani.

Nilianza kuchemsha maji kama nilivyoagizwa. Nikiwa nangoja, nikafikiri. Pipa hili limekunywa bia tupu miezi kumi na moja. Limezoea. Leo ulipe maji? Litaona limeshushwa cheo, na bia mpya itakayotiwa humo itatoka nyepesi, na lawama itaniangukia mimi, mtu niliyeaminiwa jana tu mbele ya watu. Hapana. Safari hii sitamwangusha Dada.

Kwa hiyo nimelitia bia. Ndoo mbili, kutoka namba nne, ambayo hata hivyo ingemwagwa Jumatano. Nimelizungusha taratibu mpaka kila ubao umelowa, juu na chini. Mrija wangu mpya sikuugusa kabisa, umening'inia ukutani safi na kamba yake ya zambarau. Ndoo niliichemsha kwanza.

Kesho asubuhi Dada atakuja na bia yake mpya. Atalikuta limelowa vizuri.